Kufufua programu za DOS kwenye kompyuta za leo: emuleta ipi, kwa kazi ipi

Ukibofya faili la EXE la mwaka 1989 kwenye Windows 11, utaambiwa programu hiyo haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Wengi huishia hapo, wakidhani faili limeharibika. Mara nyingi faili ni zima kabisa. Kilichoondoka ni mazingira yaliyokuwa yakilipokea, yaani DOS, mfumo endeshi uliotangulia Windows, na mazingira hayo yanaundwa upya bila gharama kwa emuleta (programu inayoiga kompyuta ya zamani), ndani ya dirisha moja, hata kwenye laptopu ya bei ya chini. Kuiwasha programu yenyewe ni kazi ya dakika chache. Kazi inayowashinda watu inakuja baadaye: kuifanya ichape, itunze data bila kuivuruga, na hatimaye iiachie data hiyo ihamie kwingine.

Hapa tunazungumzia programu za kazi: kanzidata za maktaba za CDS/ISIS, hesabu zilizoandikwa kwa dBase, Clipper au FoxPro (zana za kutengenezea kanzidata), barua za WordPerfect 5.1, majedwali ya Lotus 1-2-3. Michezo imeshaandikiwa sana. CDS/ISIS inatugusa zaidi, kwa sababu UNESCO ilianza kuigawa kwa kompyuta ndogo mwaka 1985, bila malipo kwa taasisi zisizo za kibiashara, ikaenea katika maktaba na vituo vya nyaraka vya nchi zinazoendelea, Afrika Mashariki ikiwamo. Katalogi zilizoingizwa humo kadi baada ya kadi ni kazi ya miaka, na haifai zipotee kwa sababu tu Windows imebadilika.

Kwa nini Windows mpya inagoma

Prosesa ya 8086 ilitoka mwaka 1978. Inafanya kazi kwa biti 16 lakini inafikia memori ya megabaiti 1, na ili kufanikisha hilo anwani huandikwa kwa namba mbili: ya kwanza inazidishwa kwa 16, kisha ya pili inajumlishwa. Anwani B800:0000, kwa mfano, ni B8000 kwa hesabu ya msingi wa 16, na hapo ndipo skrini ya maandishi ya rangi inapoanzia. Skrini hiyo ina safu 80 kwa mistari 25, yaani herufi 2,000, na kila herufi inachukua baiti mbili, moja ya herufi yenyewe na nyingine ya rangi. Programu ya DOS ikitaka kuandika neno haiombi ruhusa kwa mtu: inaziweka baiti pale moja kwa moja. Vivyo hivyo kwa printa: programu nyingi huzungumza na mlango wa printa, LPT1, wenyewe, kwa kawaida kwenye anwani 378h (h ni alama ya msingi wa 16). DOS iliruhusu yote hayo.

Mifumo endeshi ya leo hairuhusu programu kugusa vifaa namna hiyo. Kwa muda mrefu kulikuwa na njia ya kati. Prosesa ya 386 ya mwaka 1985 ilikuja na hali maalumu ya kuiga 8086 ndani yake, na Windows za biti 32 zikaitumia kupitia sehemu iitwayo NTVDM. Prosesa za biti 64 zinapokuwa katika hali yake kamili ya biti 64 hazina tena hali hiyo, kwa hiyo Windows za biti 64 hazikuja na NTVDM. Windows 10 ya biti 32 ilikuwa ya mwisho kuwa nayo, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Ndiyo maana kubofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua hali ya utangamano hakusaidii kitu: mipangilio ile inaidanganya programu kuhusu toleo la Windows tu, hairudishi kilichoondolewa.

Emuleta na mashine pepe havifanani

Maneno haya mawili huchanganywa, na mchanganyo huo ndio chanzo cha lawama nyingi. Emuleta ni kama mkalimani: inasoma kila agizo la prosesa ya zamani na kulitekeleza kwa lugha ya mashine iliyopo. Kwa kuwa haitegemei prosesa halisi, inafanya kazi hata kwenye Mac za kisasa za ARM, kwenye Raspberry Pi na kwenye simu za Android. DOSBox na ndugu zake, pamoja na 86Box, ziko kundi hili. Mashine pepe, kama VirtualBox, inaiachia prosesa halisi itekeleze maagizo yenyewe na kuigiza vifaa vinavyoizunguka tu: diski, kadi ya mtandao, skrini. QEMU inaweza njia zote mbili.

Tofauti hii inajitokeza kwenye kasi. Mashine pepe inakwenda kwa mwendo wa prosesa yako. Emuleta unaipangia mwendo. Kwa programu za DOS, kasi kubwa mno ni ugonjwa. Mfano maarufu ni ujumbe wa "Runtime error 200" kwenye programu zilizoandikwa kwa Turbo Pascal na kutumia moduli yake ya Crt. Moduli hiyo, programu inapoanza, inahesabu inaweza kuzunguka mara ngapi ndani ya pigo moja la saa ya kompyuta, yaani takriban milisekunde 55, kisha inagawanya kwa 55 ili ipate idadi ya mizunguko kwa milisekunde moja. Jibu linatakiwa litoshe kwenye biti 16, yaani lisizidi 65,535. Kwa hiyo mizunguko ikifika 3,604,480 ndani ya pigo moja, jibu halitoshi, prosesa inaripoti kosa la kugawanya, na programu inakufa kabla hujaona hata menyu. Kosa hili lilianza kuonekana prosesa zilipofika karibu MHz 200. Kwenye emuleta dawa yake ni kupunguza kasi. Kwenye mashine pepe itabidi faili la EXE lenyewe lifanyiwe kiraka, na viraka vya aina hiyo vipo.

Kuchagua

DOSBox ya asili, ambayo toleo lake la 0.74-3 lilitoka mwaka 2019, ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, na watengenezaji wake wanasema hivyo waziwazi. Haichapishi kupitia LPT na haifungi rekodi watu wawili wanapoingia faili moja. Kuitumia kwa vitabu vya hesabu ni kujitafutia balaa. DOSBox Staging ni toleo lililoboreshwa vizuri sana, ila nalo linaelekea kwenye michezo. Kwa kazi za ofisi na maktaba, tunapendekeza DOSBox-X: inachapisha, ina kufunga mafaili, inakubali majina marefu ya mafaili na ina menyu ya kawaida juu ya dirisha. Kwenye Windows kuna vDos pia, ambayo ilitengenezwa makusudi kwa programu za maandishi za kibiashara. Kama programu yako haina michoro wala sauti, ijaribu. Kwenye Linux, dosemu2 ni ya haraka na imara.

Mashine pepe yenye FreeDOS (DOS iliyo programu huru) itumie pale programu inapohitaji DOS kamili, na madereva yake yenyewe au mtandao wa zamani. 86Box inaigiza ubao mama, kadi na BIOS za kompyuta mahususi; ni nzito, na inafaa pale programu inapokataa kila kitu kingine.

Suala la leseni ni jepesi kuliko wengi wanavyodhani. DOSBox na ndugu zake zina DOS yao ndani, huhitaji diski za MS-DOS. FreeDOS, mradi ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, ni programu huru. MS-DOS 6.22 bado ni mali ya Microsoft.

Kabla ya emuleta: kuinusuru data

Usiendeshe kitu chochote juu ya nakala pekee iliyopo. Hili halina mjadala.

Kama data iko kwenye disketi, nunua kisomaji cha USB, lakini jua mipaka yake: kinasoma disketi za inchi 3.5 tu. Zile pana za inchi 5.25 zinahitaji kisomaji chake halisi na kadi ya kukiunganisha. Tengeneza taswira ya disketi nzima badala ya kunakili faili mojamoja. Kwenye Linux, baada ya kuhakikisha kwa amri ya lsblk kwamba disketi ndiyo sdb:

ddrescue /dev/sdb disketi01.img disketi01.map

Kisha angalia ukubwa wa faili lililotoka. Disketi ya MB 1.44 inatoa baiti 1,474,560 kamili. Ya KB 720 inatoa 737,280. Ile ya inchi 5.25 ya KB 360 inatoa 368,640. Hata ukubwa ukiwa sawa, soma ripoti ya ddrescue uone kama kuna sekta zilizoshindikana. Katika miji ya pwani yenye unyevunyevu, fungua kifuniko cha chuma na utazame uso wa disketi kwanza: ukiona madoa ya ukungu usiitumbukize, kwa sababu itachafua kichwa cha kisomaji na kukwaruza disketi zitakazofuata.

Diski kuu za IDE unaweza kuziunganisha kwa adapta ya USB, ila adapta nyingi hazielewani na diski za kale kabisa, zile zinazotumia hesabu ya silinda, kichwa na sekta. Ikitokea hivyo, kompyuta ya mezani ya kizamani yenye soketi ya IDE ndiyo suluhisho.

Kupanga DOSBox-X

Tengeneza folda moja, mathalani D:\DOS, na ndani yake weka programu kwenye njia ileile iliyokuwa nayo zamani. Hili linapuuzwa mno. CDS/ISIS husoma njia za mafaili yake kutoka SYSPAR.PAR, na kama humo imeandikwa C:\ISIS\DATA, basi ndani ya emuleta lazima pawe na C:\ISIS\DATA, wala si C:\MAKTABA\ISIS\DATA. Programu nyingi za Clipper nazo zimeandikiwa njia ndani ya EXE, mahali usipoweza kuzibadilisha.

Faili la mipangilio, dosbox-x.conf, halihitaji kuwa refu:

[cpu]
cycles=fixed 20000

[dos]
share=true

[parallel]
parallel1=printer

[printer]
printer=true
printoutput=printer
multipage=true
width=83
height=117
timeout=3000

[autoexec]
mount c D:\DOS
set CLIPPER=F60
c:
cd \ISIS
isis

Kasi ya 20000 inakaribia kompyuta ya 486, na inatosha kwa karibu kila programu ya maandishi. Kama kupanga faharasa kunachukua muda mrefu, ongeza hatua kwa hatua. Ukikutana na kosa la 200, teremka. Mstari wa CLIPPER unahusu programu za Clipper pekee: unaziruhusu kufungua mafaili 60 kwa pamoja, na usipokuwepo baadhi yake hufa katikati ya ripoti zikidai haziwezi kufungua faili.

Usiipachike diski nzima ya Windows kwa kuandika mount c C:\. Programu za DOS hazina uzio. Amri moja ya kufuta iliyokosewa itafika kwenye mafaili yako ya kawaida. Sababu ya pili ni kwamba programu za zamani huchanganyikiwa zikiona nafasi kubwa. Hesabu ya nafasi iliyobaki inafurika, na kisakinishi kinadai diski imejaa wakati ina gigabaiti mia nne tupu. DOSBox hukwepa tatizo hilo kwa kuripoti nafasi ya kubuni, kama baiti milioni 262 hivi. Kama hata hiyo ni kubwa, mount c D:\DOS -freesize 100 inaipunguza hadi megabaiti 100.

Uchapishaji unahitaji maelezo zaidi. Programu ya DOS hutuma lugha ya printa za Epson za riboni, na printa ya USB ya leo haiifahamu. DOSBox-X inajifanya printa ya Epson, inachora ukurasa, kisha inaukabidhi kwa Windows. Upana na urefu huandikwa kwa sehemu za kumi za inchi, na vipimo vilivyowekwa tangu mwanzo, 85 na 110, ni karatasi ya Marekani. Usipobadilisha kuwa 83 na 117, ripoti yako haitaendana na A4. Mstari wa timeout unasema subiri milisekunde 3,000 za kimya kisha toa ukurasa. Ukiuacha sifuri, programu ambazo hazitumi amri ya kutoa karatasi zitakuacha ukisubiri ukurasa usiokuja. Na kama unachotaka ni maandishi tu, sio karatasi, andika parallel1=file timeout:2000, nawe utapata kila ripoti kama faili.

Kuharibika kwa data

Mafaili ya DBF, yanayotunza data za dBase na ndugu zake, ni rahisi kukagua kwa mkono, na ni ujuzi unaookoa. Baiti ya kwanza ya faili la dBase III ni 03, au 83 kama kuna faili la maelezo la DBT pembeni. Baiti tatu zinazofuata ni tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Kisha baiti nne zinabeba idadi ya rekodi, mbili zinabeba urefu wa kichwa cha faili, na mbili urefu wa rekodi moja. Kichwa kwa kawaida ni baiti 32, ukijumlisha 32 kwa kila uga, na moja ya kufungia. Faili lenye nyuga 6 lina kichwa cha baiti 225. Kama rekodi moja ni baiti 80 na zipo 1,000, faili linatakiwa kuwa na 225 + 80,000 + 1 ya alama ya mwisho wa faili, yaani baiti 80,226.

Sasa fikiria umeme umekatika, au mtu amefunga dirisha la emuleta kwa alama ya X badala ya kutoka kupitia menyu ya programu. Programu nyingi za ukoo wa dBase husahihisha idadi ya rekodi kichwani pale faili linapofungwa. Rekodi mpya zimeshaandikwa mwishoni, lakini kichwa bado kinasema 1,000. Programu haizioni, na ukiingiza nyingine inaziandika juu yake. Ukikuta faili lina baiti 83,426 badala ya 80,226, rekodi 40 zimejificha, na zinaweza kurudishwa kwa kusahihisha namba kichwani kwa kihariri cha heksa, kwenye nakala. Faharasa za NDX au NTX zisikusumbue. Zifute na uzijenge upya ndani ya programu.

Hatari nyingine ni watu wawili kuingia faili moja kupitia folda ya pamoja ya ofisi. DOSBox-X ina share=true, lakini hata hivyo jaribu kwanza kwenye nakala: fungua rekodi ileile kwenye kompyuta mbili uone kama ya pili inazuiwa. Kama haizuiwi, mtu mmoja aingize data kwa zamu.

Na ukinakili faili ndani ya folda wakati emuleta inaendelea halafu DOS isilione, faili halijapotea. DOSBox hukumbuka orodha ya folda, andika rescan.

FreeDOS ndani ya VirtualBox

Unda mashine ya aina ya DOS yenye memori ya MB 32 na diski ya MB 500, kisha usakinishe kutoka CD ya FreeDOS. Usiipe gigabaiti za memori: kuna programu zinazoshindwa zikikuta zaidi ya MB 64. Jambo la kwanza litakalokushtua ni feni. DOS haipumzishi prosesa. Hata ikisubiri kitufe tu inazunguka bila kukoma, na kiini kimoja cha prosesa kitakwenda kwa asilimia 100. Weka FDAPM APMDOS kwenye faili la kuanzia, na mashine itatulia.

VirtualBox yenyewe haiji na viongezi vya DOS, kwa hiyo folda za pamoja hazipatikani moja kwa moja. Njia ya kudumu ya kuhamisha mafaili ni mtandao: chagua kadi ya PCnet, pakia dereva lake, na utumie FTP ya mTCP, kifurushi cha programu za mtandao za DOS. Kwenye mpangilio wa NAT, kompyuta mwenyeji inapatikana kwa anwani 10.0.2.2. Kwa mafaili machache, taswira ya disketi inatosha.

Kuitoa data

DBF hufunguka moja kwa moja kwenye LibreOffice Calc. Swali la seti ya herufi linalotokea wakati wa kufungua ndilo la kuzingatia. Kiswahili hakina shida, lakini katalogi zenye majina ya Kifaransa, kama zile za Kongo au Burundi, zina é, è na ç. Katika ukurasa wa herufi 850 wa DOS, é ni baiti 82h. Windows ya Magharibi inaisoma baiti hiyo kama alama ndogo iliyo mfano wa mkato. "Université" inageuka "Universit‚", na è inakuwa Š. Ukiona hivyo usisahihishe kwa mkono; funga bila kuhifadhi, fungua upya na uchague 850. Jua pia kwamba katika DBF rekodi iliyofutwa hubaki palepale ikiwa na nyota mwanzoni mwake mpaka amri ya PACK itolewe, kwa hiyo linganisha idadi kabla ya kuamini jedwali lako.

Kwa CDS/ISIS, ingia kwenye huduma ya ISISXCH na utoe kanzidata kwa muundo wa ISO 2709. Watu wengi hudhani hapo wamepata MARC, muundo wa rekodi za katalogi unaotumiwa na maktaba, na kulipakia faili kwenye Koha, programu huru ya maktaba, halafu wanashangaa. ISO 2709 ni bahasha tu. Namba za nyuga ndani yake ni zile zilizochaguliwa na aliyeunda kanzidata. Katika muundo wa mfano uliokuja na programu, ambao maktaba nyingi ziliuiga, kichwa cha kitabu ni 24, uchapishaji ni 26, maneno ya msingi ni 69 na waandishi ni 70. MARC 21 inataka 245, 264, 653, na kwa waandishi 100 kwa wa kwanza na 700 kwa waliobaki. Maneno ya msingi katika 69 yamefungwa kwa alama < na >, na kila moja linatakiwa liwe uga wake.

Tena, ISIS hukata mistari ya faili hilo kila baada ya herufi 80, na mara nyingi hutumia alama # kufunga nyuga na rekodi badala ya baiti 1Eh na 1Dh za kiwango. Ondoa mikato hiyo kwanza:

tr -d '\r\n' < katalogi.iso > katalogi.raw

Lakini usibadilishe kila # kwa pupa, maana inaweza kuwa sehemu ya namba ya kitabu. Fuata urefu ulioandikwa kwenye saraka ya kila rekodi. Geuza ukurasa wa herufi mwisho kabisa, si mwanzo, kwa sababu é ikiwa baiti moja katika 850 inakuwa mbili katika UTF-8, na urefu wote wa saraka unakuwa uongo. Baada ya hapo linganisha idadi ya rekodi na namba ya mwisho ya MFN (namba ambayo ISIS huipa kila rekodi) ukitoa zilizofutwa, kisha chagua rekodi ishirini, zikiwamo zenye waandishi wengi na zenye herufi za Kifaransa, na uzisome moja moja sambamba na ISIS ikiwa wazi kwenye dirisha la pili.